Presha Iliyogoma Kushuka

Tuseme ni Jumanne, siku ya kliniki ya presha katika zahanati ya kata. Mama wa miaka 61 yuko kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, daftari lake amelifunga kwenye mfuko wa plastiki lisilowane. Zamu yake ikifika, nesi anamwamkia, anamzungushia kitambaa cha mashine mkononi, wanasubiri. Inasoma 172 kwa 104. Mwezi uliopita ilikuwa 168 kwa 100.

"Mama, dawa unameza kweli?"

"Nameza, mwanangu. Kila usiku nikishakula."

"Kila siku?"

"Wallahi, kila siku."

Nesi anaongeza amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10, na chini yake anaandika kwamba mgonjwa asisitizwe kumeza dawa. Mama anarudi nyumbani akiwa amenyong'onyea, kwa sababu amesema kweli na hakuaminiwa. Juu ya kabati lake, ndani ya kopo la majani ya chai, kuna dawa ya pili: kabamazepini ya miligramu 200, asubuhi na jioni. Aliandikiwa hospitali ya mkoa miaka miwili iliyopita, alipopata kiharusi na baadaye akaanza kuanguka kifafa. Dawa hiyo ina daftari lake, na daftari hilo huwa halifiki zahanati.

Mama huyu nimemtunga, lakini yaliyomkuta yanatokea kweli. Nimemweka mbele kwa sababu kila ninaposoma kuhusu dawa za kifafa na dawa za presha zinavyokutana ndani ya mwili mmoja, naona tunauliza swali lisilo la kwanza. Presha ikigoma kushuka, tunauliza kama mgonjwa anameza dawa. Ni swali halali, maana wengi kweli hawamezi. Lakini kabla yake liwepo lingine: unatumia dawa gani nyingine?

Wanaotumia dawa za aina zote mbili hawawezi kuwa wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wenye presha ya kupanda, kwa makadirio ya shirika hilo hilo ya mwaka 2021, walikuwa bilioni 1.28 kati ya watu wenye umri wa miaka 30 hadi 79. Makundi haya hayakutani kwa bahati tu. Presha huleta kiharusi, kiharusi huacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo huweza kuanzisha kifafa. Mtu mzima anayeanza kuanguka akiwa na miaka 60 mara nyingi ametanguliwa na presha, na kuanzia hapo atameza dawa za aina zote mbili.

Mahali zinapokutana hasa ni kwenye ini. Dawa nyingi zikishafyonzwa utumboni hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na huko vimeng'enya huzivunjavunja. Kimoja kati ya hivyo, ambacho wafamasia hukiita CYP3A4, hushughulikia sehemu kubwa ya dawa tunazozijua, zikiwemo amlodipini, nifedipini na ndugu zake. Fenobabitali, fenitoini na kabamazepini zina tabia moja: zikikaa mwilini, huliamsha ini litengeneze vimeng'enya hivyo kwa wingi. Ini lililoamshwa hivyo halichagui. Linavunja dawa ya presha kabla haijafanya kazi yake, kama linavyovunja vidonge vya uzazi wa mpango na dolutegraviri ya wanaoishi na VVU. Rifampisini ya kifua kikuu nayo ina tabia hiyo hiyo.

Jambo hili halitokei siku ya kwanza. Huchukua kama wiki mbili hadi tatu ini kufikia kasi hiyo mpya. Ndiyo maana linapotosha. Mgonjwa wa presha anayeanzishiwa dawa ya kifafa hana tatizo wiki ya kwanza, presha yake inasoma vizuri, daktari anaridhika. Mwezi ukiisha namba zimepanda, na hakuna anayezihusisha na dawa iliyoanzishwa mwezi mzima nyuma.

Ukubwa wa upotevu huu ulipimwa zamani. Mwaka 1988 madaktari wa Edinburgh, Scotland, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wagonjwa 10 waliokuwa wakitumia dawa za kifafa. Waliwapa felodipini, dawa ya presha ya ukoo mmoja na amlodipini, wakapima kiasi kilichofika kwenye damu na kukilinganisha na cha watu wasiotumia dawa hizo. Kilichofika hakikuzidi sehemu moja ya kumi. Ukitaka kuelewa uzito wa jambo hilo, fikiria mtu amenunua vidonge 30 vya mwezi, na faida anayoipata haifiki ya vidonge vitatu. Nifedipini nayo, ikikutana na fenobabitali, hupungua kwa zaidi ya nusu. Amlodipini haijapimwa kwa undani namna hiyo. Yenyewe huvunjwa polepole na hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sitasema inapotea kama felodipini. Lakini kimeng'enya kinachoivunja ni kile kile, na maelezo yanayoambatana nayo humtaka daktari afuatilie presha kwa karibu pale inapotumiwa pamoja na dawa zinazoliamsha ini.

Mkondo huu huweza pia kugeuka. Kuna dawa za presha zinazokizuia kimeng'enya kile, na hapo inayoathirika ni dawa ya kifafa. Mwaka 1986 madaktari wa Glasgow waliwapa verapamili wagonjwa sita waliokuwa wakitumia kabamazepini. Kati ya saa 36 na 96 wagonjwa walianza kuonyesha dalili za sumu: kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kuyumba wakitembea. Kabamazepini kwenye damu ilikuwa imepanda kwa wastani wa asilimia 46, ingawa hakuna aliyeongezewa hata kidonge kimoja cha dawa hiyo. Diltiazemu hufanya vivyo hivyo. Nifedipini haifanyi.

Jaribu kuiona nyumbani. Mzee alikuwa mzima Ijumaa. Jumatatu anashika ukuta akienda chooni, anasema taa ya sebuleni imekuwa mbili. Watoto wake watasema kiharusi kimerudi, jirani atasema kifafa kimezidi. Wakimkimbiza hospitali bila karatasi ya dawa, anaweza kulazwa na kupimwa kila kitu isipokuwa kile kidonge kipya alichoanza wiki ile.

Hapa niingize jambo la chakula, kwa sababu linatuhusu sana watu wa pwani. Mwaka 1989, huko London ya Ontario, Kanada, David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe huingiliana na felodipini. Ili kuficha ladha ya pombe waliichanganya na maji ya balungi. Felodipini ikapanda kwenye damu kupita walivyotarajia, na baadaye ikabainika kwamba pombe haikuhusika: lilikuwa ni balungi. Tunda hili hukilemaza kile kimeng'enya kwenye kuta za utumbo, na mwili huhitaji muda kutengeneza kingine, kwa hiyo hata ukilila asubuhi na kumeza dawa usiku bado umo hatarini. Kabamazepini nayo hupandishwa na balungi. Amlodipini haiguswi sana. Anayetumia kabamazepini, felodipini au nifedipini, na msimu wa balungi umefika, achague tunda jingine. Machungwa ya kawaida hayana neno.

Kuna kukutana kwingine ambako hakupitii kwenye vimeng'enya. Huku nakuogopa zaidi kwa sababu kunajificha ndani ya ugonjwa wenyewe. Kabamazepini huufanya mwili uzuie maji, na maji yakizidi, chumvi ya damu, yaani sodiamu, huzimuliwa. Haidroklorothiazidi na bendrofluazidi, vidonge vya kukojoza vinavyotumika sana kwa presha, navyo huishusha sodiamu kwa njia yao. Vikiwa pamoja kwa mtu mmoja, hasa mwanamke mzee mwembamba, sodiamu inaweza kuporomoka. Kiwango cha kawaida huanzia 135. Ikienda chini ya 125 mtu anachoka, anachanganyikiwa, anatapika, na ikizidi kushuka anaanguka na kutetemeka mwili mzima.

Sasa tazama kinachoweza kufuata. Mgonjwa wa kifafa ameanguka. Mbele ya macho ya kila mtu, hicho ni kifafa. Anaongezewa kabamazepini. Kabamazepini zaidi inazuia maji zaidi, sodiamu inashuka zaidi, anaanguka tena. Kila hatua ina mantiki yake na kila hatua inamsogeza kaburini. Kipimo cha chumvi za damu kingeweza kukata mzunguko huo, na kwa mgonjwa anayetumia dawa hizi mbili sioni sababu ya kipimo hicho kusubiri mpaka aanguke.

Mengine nitayapita haraka. Fenitoini huweza kupunguza kwa karibu nusu nguvu ya furosemidi, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, na mgonjwa wa moyo akabaki na miguu iliyovimba. Propranololi na metoprololi huvunjwa na ini, kwa hiyo fenobabitali huzipunguza. Fenobabitali na metildopa zote hulevya kwa usingizi, na mzee akiamka usiku anaweza kuanguka. Fenitoini ikichomwa kwenye mshipa kwa haraka huishusha presha ghafla, ndiyo maana kasi yake haitakiwi kuzidi miligramu 50 kwa dakika.

Lugha yetu ina neno linalotupeleka wodi nyingine kabisa: kifafa cha mimba. Hiki si kifafa tulichokuwa tukikizungumza. Ni presha ya ujauzito iliyopanda hadi ubongo ukaanza kutetemesha mwili. Lakini matibabu yake ndiyo mkutano wa wazi kuliko yote wa dawa ya kuzuia degedege na dawa ya presha, kwa kuwa zote mbili hutolewa saa ile ile. Mwaka 1995 utafiti uliowahusisha wanawake 1,687 wenye kifafa cha mimba ulimaliza ubishi wa miaka mingi: magnesiamu salfeti ilizuia degedege kurudi kuliko diazepamu na kuliko fenitoini. Mwaka 2002 utafiti wa Magpie, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kufikia degedege kwa wale ambao presha ya ujauzito imewapanda.

Presha yenyewe hushushwa kwa nifedipini, hidralazini au labetaloli. Kwa muda mrefu wakunga na madaktari walionywa wasichanganye magnesiamu na nifedipini, kwa hoja kwamba zote huingilia kazi ya kalsiamu na presha ingeanguka au misuli ingelegea. Hofu hiyo ilitokana na visa vichache vilivyoripotiwa. Watafiti walipokuja kulinganisha wanawake waliopewa zote mbili na waliopewa magnesiamu na dawa nyingine ya presha, hawakuona madhara makubwa kuongezeka, na leo miongozo inaruhusu zitumike pamoja mgonjwa akiangaliwa: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa liruke, mkojo uwepo, na kalsiamu glukoneti iwe karibu.

Nimelileta hili kwa makusudi. Katika wodi ya wazazi tulikuwa na mchanganyiko uliotisha kwenye karatasi kuliko kitandani, na kwa sababu uliogopwa, ulitazamwa kwa makini. Katika kliniki ya presha tuna mchanganyiko usioogopwa na mtu, unaofanyika nyumbani bila muuguzi, miaka nenda miaka rudi. Naona huu wa pili unatugharimu zaidi.

Mchanganyiko huo haujulikani kwa sababu kifafa kinafichwa. Sote tunajua yanayosemwa: kwamba ni pepo, kwamba ni laana ya ukoo, kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wakila peke yao na kulala peke yao, wengine wana makovu ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa. Dawa iliyowatoa wengi wao katika hali hiyo ilikuwa fenobabitali, kidonge cha bei ndogo ambacho kiliingia sokoni mwaka 1912 kikiitwa Luminal na bado ndicho kinachopatikana vijijini.

Aliyekulia katika hofu hiyo hawezi kutaja kifafa mbele ya benchi lenye majirani kumi wanaomsikia nesi kupitia mlango ulio wazi. Atasema ana presha, maana presha haina aibu. Dawa ya kifafa atakwenda kuichukua mbali, au atamtuma mtoto akaitafute duka la dawa. Kwa hiyo pale zahanati si kwamba nesi ni mzembe wala mama ni mwongo. Aibu imegawanya matibabu ya mtu mmoja katika madaftari mawili, na ini lake halijui habari za madaftari.

Je, suluhisho ni kubadilisha dawa? Wengine watasema mgonjwa ahamishiwe levetirasetamu au lamotrijini, ambazo haziliamshi ini namna ile. Ni ushauri mzuri kwa anayeweza kuzipata na kuzilipia kila mwezi. Valproeti nayo haiamshi vimeng'enya hivi, ila kwa mwanamke anayeweza kushika mimba madhara yake kwa mtoto ni makubwa mno, na Shirika la Afya Duniani halitaki aanzishiwe. Tena, kifafa kilichotulia kwa dawa fulani kwa miaka mitano ni mali. Kukigusa kwa ajili ya kidonge cha presha ni kubahatisha na usalama wa mtu anayepika kwa kuni.

Kwa hali zetu, rahisi zaidi ni kuangalia upande wa presha. Lisinoprili na atenololi hutolewa na figo, na telmisatani haipiti kwenye kimeng'enya kile, kwa hiyo ini lililoamshwa haliziathiri sana. Losatani huguswa kidogo. Lakini na hapa kuna mtego. Utafiti wa CREOLE uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha kuliko ule wa perindoprili, ndugu wa lisinoprili, na haidroklorothiazidi. Yaani dawa inayotufaa zaidi ndiyo hiyo hiyo inayovunjwa. Na lisinoprili na telmisatani hazimfai mjamzito kabisa.

Kwa hiyo sioni busara kuitupa amlodipini. Busara ni daktari ajue kwamba iko pamoja na kabamazepini au fenobabitali, apandishe dozi kwa kipimo na si kwa kumlaumu mgonjwa, aongeze dawa inayotolewa na figo pale inapobidi, na kama ameongeza kidonge cha kukojoza, apime sodiamu. Mama wa daftari la plastiki huenda angehitaji hilo tu.

Liko na jambo la mwisho, ambalo husahaulika hata na waliokumbuka mengine yote. Ini lililoamshwa hulala tena. Dawa ya kifafa ikipunguzwa au ikibadilishwa, vimeng'enya hupungua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Fenobabitali yenyewe huhitaji kama siku nne kupungua nusu tu. Dozi kubwa ya dawa ya presha iliyokuwa ikivunjwa sasa inabaki yote mwilini. Mgonjwa anasimama kitandani alfajiri, macho yanaingia giza, anaanguka, anavunjika nyonga. Kila mabadiliko ya dawa ya kifafa yanadai presha ipimwe mara kwa mara kwa mwezi mzima unaofuata au zaidi.

Kwa wauguzi na wafamasia ninalo ombi moja: kwenye jalada la daftari, palipoandikwa jina, umri na kijiji, ongezeni mstari wa dawa zote, na swali la kifafa liulizwe mlango ukiwa umefungwa. Na wewe unayesoma, ukiwa na kidonge cha kifafa kabatini na cha presha mkononi, usiache hata kimoja kwa sababu ya maneno yangu. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege zisizokatika, na zinaua. Siku ya kliniki ikifika, tia vidonge vyote, na vya kienyeji kama vipo, kwenye mfuko mmoja, uvimwage mezani mbele ya daktari, kisha umwambie umekuwa ukivimeza tangu lini.